Uzi wa Buluu Ndani ya Injini

Mwalimu wetu wa gumbaru, ile shule ya jioni ya sisi watu wazima, alituambia tuandike kitu kilichotokea nyumbani. Wenzangu wakaandika harusi na mazishi. Mimi niliandika ukurasa mmoja kuhusu kuku aliyetaga ndani ya kabati, nikampatia, akanipa alama nzuri. Halafu nikarudi nyumbani nikaanza kuandika hii, ambayo ndiyo ilikuwa imenikaa rohoni wakati wote nikiandika ile ya kuku.

Pikipiki ya mzee wangu, baba ya watoto wangu, ni kuukuu. Aliachiwa na marehemu kaka yake. Kila asubuhi inamtoa hapa mtaani Mbotela inampeleka kiwandani kule Baba Dogo, jioni inamrudisha. Miaka hiyo yote imeshikwa na fundi mmoja tu, mzee anayekaa mlango wa tatu kutoka kwetu. Alifanya kazi kwenye karakana ya reli mpaka akastaafu, na sasa anatengenezea watu pikipiki, jenereta na pampu hapo kibarazani kwake. Ni mtu wa kwetu magharibi. Mimi humwita papa, vile tunaita baba huko nyumbani, na yeye huniita mayi, vile tunaita mama, ingawa amenizidi miaka zaidi ya ishirini. Ana sanduku la spana la bati la kijani, zito, lina masikio mawili ya kushikia. Hilo sanduku ndilo shamba lake.

Mimi ni fundi wa nguo. Nashonea akina mama wa kanisa letu sare, gauni jeupe na kitambaa cha kichwa cha buluu. Kwa hivyo uzi wa buluu haukosi kwangu. Uko kwa meza, uko kwa kiti, mara nyingine unapatikana hata kwa sukuma wiki.

Jumamosi moja papa alibadilisha oili ya pikipiki kama kawaida. Jumanne iliyofuata mzee wangu alikuwa amefiwa na mwenzake wa kazi, akaenda mazishi na gari la kiwanda, pikipiki ikabaki kibarazani. Nikawa nafagia. Chini ya injini nikaona tone la oili, kubwa kama kifungo cha shati. Nikapangusa. Nilipomaliza kuosha vyombo nikaangalia tena, kulikuwa na lingine.

Ningeenda kumwita papa. Ni milango mitatu tu, hata viatu singevaa. Lakini wiki hiyo nilikuwa nimetoka kupita mtihani wa sayansi, ile sehemu ya mashine, na nilikuwa natembea na huo mtihani kichwani kama mtu aliyevaa kofia mpya. Na kulikuwa na neno mzee wangu aliniambia mwezi huo, siku nilitaka kumsaidia kufunga kioo cha pembeni. Alisema, "Wacha, mama watoto. Pikipiki si cherehani." Alisema kwa upole, lakini nilikuwa nimelihifadhi.

Nikachukua spana yake kwa dirisha. Nikalala chini kwa gunia, nikaona ile bolti iliyo tumboni mwa injini, ile hufunguliwa kumwaga oili chafu. Oili ilikuwa inatokea pembeni yake, kidogo tu. Nikajua dawa ni kukaza.

Mimi nimekuwa nikiambiwa kaza maisha yangu yote. Nilipofiwa na mama, kaza. Nilipoanza gumbaru nikiwa na watoto watatu, kaza, mama. Kanisani tukimaliza maombi tunashikana mikono tunaambiana kaza. Hakuna siku mtu aliniambia sasa imetosha. Kwa hivyo nikakaza. Bolti ikakataa, nikashika spana na mikono miwili, nikaweka mguu kwa ukuta. Ikaenda. Nikafurahi. Nikavuta tena, na hapo ikalainika, kama mkate ukishaingia kwa chai. Spana ikazunguka mzunguko mzima bila kukazana na kitu.

Nikaivuta chini huku nikizungusha, ikatoka mkononi, na oili yote ikaja. Ilinipata kwa mkono mpaka kwapani. Nikawahi kusukuma beseni la kufulia. Bolti yenyewe ilikuwa imevaa vinyweleo vya kung'aa, kama vile vipande vya mapambo ya Krismasi vikishakatikakatika. Nikadhani ni uchafu. Nikapangusa na kitambaa, nikatupa kwa pipa.

Sasa hapa ndipo aibu yangu inaanza kuwa ya kuchekesha, na nimeshachekwa, kwa hivyo nitasema tu.

Papa alikuwa amenieleza zamani, siku moja akinywa chai kwetu, kwamba kinachoshika bolti ni uzi. Alisema bolti bila uzi ni kijiti. Na nilikuwa nimeona na macho yangu fundi wa maji akifunga mfereji wa hapa nje. Alichukua uzi akazungushia pale kwenye meno ya bomba, akafunga, na mfereji ukawacha kuvuja. Basi nikakaa pale chini na bolti mkononi, nikasema moyoni, uzi umeisha. Na uzi mimi ninao.

Nikaingia ndani nikatoa uzi wa buluu, ule mnene wa kushonea pindo. Nikazungushia bolti raundi kumi na mbili, nikavuta na meno kama ninavyovuta nikishona kifungo. Nikaisukuma kwenye tundu, ikaingia kwa kubanwa, ikashika. Nikachuja oili na kitambaa cha chai, nikairudisha juu kupitia mdomo wake na faneli ya maziwa. Nikangoja. Hakuna tone. Nikaosha beseni mara tatu, nikapika ugali, na mzee wangu alipofika sikumwambia kitu. Nilipanga nimwambie baada ya mwezi mzima, wakati atakuwa amesahau, niseme, unakumbuka lile neno lako la cherehani?

Jumatano alienda akarudi. Nikashukuru Mungu, kweli nilishukuru, nikiwa nimepiga magoti.

Alhamisi asubuhi nilikuwa nachemsha chai ya watoto nikasikia watu nje wakisema pole, pole baba. Nikatoka na mwiko mkononi. Mzee wangu alikuwa anasukuma pikipiki. Alikuwa amefika karibu na Buruburu akahisi kiatu kimeloa, akaangalia chini, akaona oili inachora mstari barabarani nyuma yake. Akazima injini hapo hapo, na hiyo ndiyo iliiokoa. Akaisukuma Jogoo Road yote mpaka nyumbani. Shati lilikuwa limeshikana na mgongo.

Hakuingia ndani. Aliita kutoka pale uwanjani, "Papa. Kuja uone kazi yako."

Uwanja wetu una karo moja ya kufulia, na saa hiyo ya asubuhi ndiyo ina watu. Walikuwa akina mama wanne au watano, mikono ndani ya sabuni. Papa akatoka na kikombe chake. Mzee wangu si mtu wa kelele, na nafikiri ndiyo sababu kila mtu alinyamaza kusikiliza.

"Jumamosi ulifunga hii bolti namna gani?"

"Na mkono kwanza, halafu spana, nusu raundi. Si ndio mimi hufanya kila siku?"

"Hiyo nusu yako siku hizi imekuwa ngapi?"

Papa akaweka kikombe chini. Akapiga goti, pole pole kwa sababu ya mgongo, akaweka kidole kwa bolti akaisukuma. Ikazunguka bila kutoka na bila kukaza. Akazungusha tena. Kwa jinsi ilivyokuwa imejaa oili na vumbi hangeona kilichokuwa ndani.

"Uzi imekufa," akasema. "Ile njia ya ndani ya tundu, meno yake imelika yote. Hii ni mtu alikaza kupita kiasi."

"Mtu nani? Nani mwingine anashika hii pikipiki?"

Papa aligeuza mikono yake akaiangalia, mbele na nyuma, kama mtu anayeangalia kitu ameuziwa.

"Macho ndio imekwisha ama ni mikono?" mzee wangu akamwuliza. "Tuambie tu, tujue."

"Basi ni mikono," papa akasema. "Haikuwa inaniambia. Nitakutengenezea Jumamosi, natafuta kwanza chuma ya kuchonga uzi mpya. Hiyo ni yangu, usinipe kitu. Na baada ya hapo nafunga. Kuna mwenye garaji amekuwa akiniomba hili sanduku, nitamwambia akuje Jumamosi alasiri alichukue. Mimi niende nyumbani nikakae."

Nilikuwa nimesimama mlangoni, hatua kumi kutoka kwao. Nilikuwa nimeshaelewa vile vipande vya kung'aa vilikuwa nini, ndiyo hayo meno. Nikafungua mdomo. Nakumbuka vizuri nilikuwa nimeufungua niseme ni mimi, na kilichotoka ni, "Chai iko tayari."

Mzee wangu akaingia akanywa chai. Mimi nikammiminia.

Ijumaa ni siku ya maombi ya akina mama, na mimi ndiye huongoza. Mmoja wao, wa pale kwa karo, akasema tumkumbuke huyo mzee wa pikipiki, maana alimsikia bibi yake akisema usiku hajala, na kwamba sasa hata kikombe anakishika na mikono miwili. Wote wakasema ndio, tumwombee mikono yake. Wakainamisha vichwa. Vitambaa vya buluu kumi na nne, nilikuwa nimevishona vyote.

Nikaomba. Nilisema, Bwana, tunakuletea mikono ya mtumishi wako. Niliomba kwa sauti yangu ile ya siku zote. Wakasema amina. Mmoja alikuwa analia kidogo. Nimewahi kutenda dhambi, mimi ni mtu, lakini sikuwa nimewahi kutumia maombi kama blanketi ya kujifunika mbele za watu. Nilipotoka hapo nilipita mlango wa papa nikaharakisha, akaniita kutoka ndani, "Mayi, asante kwa kuniombea." Walikuwa wameshamwambia.

Usingizi uliokuja siku hiyo ulikuwa wa vipande. Nilikuwa napanga. Nitamwambia papa peke yake. Ama nitamwambia mzee wangu, yeye amwambie papa. Ama nitangoja atengeneze, nione, labda atabadilisha mawazo juu ya sanduku bila mimi kusema kitu. Hiyo ya tatu ndiyo nilirudi kwayo mara nyingi.

Jumamosi papa alikuja baada ya chai ya saa nne. Alibeba lile sanduku peke yake, akisimama kila baada ya mlango mmoja kupumzika. Alikuwa amelipangusa, bati lilikuwa linang'aa, ni wazi alilitayarishia yule mnunuzi. Mzee wangu akamwekea gunia na kigoda hapo kibarazani, akabaki amesimama pembeni mikono nyuma. Mimi nilikuwa kwa cherehani yangu, mlango ukiwa wazi. Sikuwa nashona. Nilikuwa nakanyaga tu.

Papa akalaza pikipiki kidogo upande, akapanguza tumbo la injini, akashika bolti na koleo, akaivuta huku akizungusha. Ikatoka. Ikaja na mkia.

Uzi wa buluu. Ulikuwa umeshika weusi wa oili lakini mahali ulipokuwa umebanwa ulikuwa buluu kabisa, buluu ya kanisa letu. Papa akauangalia, mgongo wake ukimziba mzee wangu asione. Akainua macho akaniangalia, sio uso wangu kwanza, kitambaa changu cha kichwa, kisha cherehani, kisha uso. Halafu akafunga mkono, akaingiza bolti na uzi wake kwa mfuko wa koti, akachukua tochi akamulika tundu.

"Uzi imelika mpaka mwisho," akamwambia mzee wangu. "Tutachonga kubwa zaidi, tuweke bolti nono."

Akachukua chuma cha kuchongea, kilichokuwa kama bolti yenye meno makali, akakipaka grisi ili vumbi la chuma ligande hapo lisiingie ndani ya injini. Akakiingiza wima, akaanza kuzungusha. Nusu mbele, robo nyuma. Nusu mbele, robo nyuma. Kila akirudi nyuma kulisikika mlio mdogo wa kitu kinakatika. Mikono haikutetemeka hata kidogo. Mtu yeyote angeona. Mzee wangu alikuwa anaona, na uso wake ulianza kuwa na swali.

"Nitafutie kitambaa kisafi na oili kidogo ya kusuuza," papa akamwambia, na mzee wangu akaenda nyuma ya nyumba.

Nikatoka. Nikachuchumaa kando yake.

"Papa, umeona."

"Nimeona."

"Mbona hukumwambia?"

Aliendelea kuzungusha. "Mimi nimekuja kuchonga uzi."

"Lakini sasa unajua si mikono yako. Hutauza sanduku."

"Mimi najua. Hao pale karo wanajua?" Akasimamisha mkono. "Mayi, kazi yangu haina bango. Ni watu kusema, enda kwa yule mzee, anajua. Sasa wanasema enda kwingine. Jana mtu alikuja kuchukua pampu yake kabla sijaifungua. Nitakaa na sanduku nikilipangusa?" Akaanza kuzungusha tena. "Siku mbili nimekuwa nikificha mikono chini ya meza nikikula na bibi yangu."

Nilisema nisamehe. Alitingisha kichwa, lakini sikujua kama ni ndio ama ni nimesikia.

Mzee wangu akarudi na kitambaa. Nilibaki nimechuchumaa kwa sababu nilijua nikisimama nitaingia ndani. Nikamwambia, "Baba watoto, hiyo bolti ni mimi nilikaza. Jumanne, ukiwa mazishi. Nikaua uzi, halafu nikafungia uzi wa kushona. Papa anao kwa mfuko."

Aliniangalia akaangalia papa. Papa akatoa bolti akamwekea kwa kiganja. Mzee wangu akaushika ule uzi na vidole viwili, akauvuta, ukanyooka.

"Uzi wa kushona," akasema.

"Ndio."

"Na Alhamisi ulikuwa pale mlangoni."

"Nilikuwa."

Hakusema lile la cherehani. Ningependa angelisema. Alipiga magoti kwa simenti mbele ya papa, mtu mzima na nywele zake nyeupe zimeanza, akasema, "Papa, nilikusema mbele ya watu." Papa akamwambia ashike tochi vizuri, anamulika nje ya tundu.

Mbele ya watu. Nilijua hiyo ilikuwa imebaki. Kutoka kwetu mpaka karo ni kama kuvuka barabara ndogo. Akina mama walikuwa hapo, Jumamosi karo haikauki. Nilifika nikasimama, na mmoja akaniuliza, "Mama maombi, umekosa maji?"

"Nimekuja kusema kitu. Ile pikipiki, papa hakuiharibu. Niliharibu mimi. Nilikaza bolti ikakatika meno, nikaizungushia uzi wa cherehani, nikanyamaza. Mikono yake ni mizima. Hata jana nikiwaombesha nilikuwa najua."

Mmoja mrefu, mwenye ulimi, akasema, "Ngoja. Ulishonea injini?"

"Nilizungushia."

"Ya buluu?"

"Ya buluu."

"Kumbe pikipiki imeingia chama cha akina mama." Wakacheka, wakashikana mabega, povu likaruka. Mimi pia karibu nicheke. Lakini yule aliyelia Ijumaa hakucheka. Alikuwa anasuuza shati, akalikamua, akalikamua tena wakati lilikuwa limeshakauka maji. Akasema bila kuniangalia, "Mimi nilifunga kula kwa ajili ya hiyo mikono."

Niliporudi papa alikuwa ameshasuuza tundu na oili, ikatoka na unga wa kung'aa, ikatoka tena ikiwa safi. Akaweka washa mpya ya shaba, ile pete ya kuzuia oili, kwa bolti nono, akaiingiza na vidole mpaka mwisho. Kisha akanyoosha spana kwangu.

"Kaza."

"Papa, hapana."

"Kaza nione."

Nikalala kwa gunia pale pale. Nikavuta kidogo, ikakataa. Mkono wangu ulikuwa unataka kuongeza, niliusikia unataka. "Hapo," papa akasema. "Ongeza kidogo sana. Basi. Toa mkono." Nikatoa. Tukamimina oili, mzee wangu akapiga injini, tukakaa tukiangalia simenti. Ilikaa kavu.

Yule mwenye garaji alifika alasiri kama walivyopatana, na ndugu yake wa kumsaidia kubeba. Papa alikuwa anapanga spana ndani ya sanduku moja moja. Akamwambia, "Pole kwa safari. Hili halitoki." Yule mtu akauliza kama bei ndiyo shida. Papa akasema hapana, shida iliisha asubuhi. Wakanywa soda wakaenda.

Halafu akafunga sanduku na komeo, akashika sikio moja, akanitazama. Sio mzee wangu aliyekuwa amesimama hapo karibu na mikono mitupu. Mimi. Nikashika sikio lile lingine.

Lilikuwa zito kuliko nilivyofikiria. Tulipita milango mitatu, mbele ya karo, na wale wote wakituangalia, na kitambaa changu cha buluu kikiteleza kichwani bila mkono wa kukirudisha. Alisimama mara moja kupumzika, hapo hapo mbele yao, nafikiri hakuwa amechoka. Tulipofika kwake bibi yake alifungua mlango, akamwangalia yeye, akaangalia sanduku, na mimi hakuniangalia. Tukaliweka chini mahali pake, kuna alama ya kutu hapo sakafuni inayoonyesha.

Jumapili baada ya ibada papa alimsalimia mzee wangu kwa mikono miwili. Mimi alinisalimia kwa mmoja. Siku hizi kibaraza chake kina kazi, ile pampu ilirudishwa, na akina mama wakipita kwangu kupimwa nguo wananiita Mama Uzi. Naitika.